Snipe-IT kama daftari la ukaguzi: namna ya kupanga kategoria zake, na mahali uwezo wake unapoishia

Snipe-IT ni programu huria ya kusimamia mali iliyoanza mwaka 2013 kama kazi ya Alison Gianotto, na sasa inatunzwa na kampuni yake ya Grokability ya Marekani. Leseni yake ni AGPL toleo la 3, kwa hiyo taasisi yoyote inaweza kuipakua, kuisimika kwenye seva yake na kuitumia bila malipo, au ikitaka kuepuka kazi ya seva iilipe kampuni hiyo iihifadhi kwa niaba yake. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wa TEHAMA wanaotaka kujua kompyuta mpakato ipi iko mikononi mwa nani, na kurasa zake nyingi bado zinaonyesha asili hiyo. Tathmini hii haihusu kompyuta. Inahusu kazi ambayo taasisi nyingi hujikuta zinaifanya ndani ya programu hiyohiyo kwa sababu hazina fedha ya kununua ya pili, yaani kupanga vitu vinavyotakiwa kukaguliwa kwa vipindi, kama vizima moto, ngazi, jenereta, mizani na mikanda ya usalama ya wanaofanya kazi juu, na kuhakikisha kwamba siku ya ukaguzi haipiti bila mtu kukumbushwa.

Naitoa hukumu mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Snipe-IT haina kitu kilichotengwa kwa jina la kategoria ya ukaguzi, lakini ina vipande vinne ambavyo vikiunganishwa kwa akili vinaifanya kazi hiyo vizuri kwa taasisi yenye vitu mia chache hadi elfu chache: kategoria, modeli (aina mahususi ya kitu ndani ya kategoria), seti ya sehemu za kujaza, na tarehe ya uhakiki ujao. Anayevipanga kwa kufuata vitabu vya mhasibu atapata daftari safi la mali lisilomsaidia chochote siku ya ukaguzi. Anayevipanga kwa kumfikiria mkaguzi atapata zaidi ya alichotarajia kutoka kwenye programu ya bure.

Jambo hilo la mhasibu ndilo huharibu kazi tangu siku ya kwanza, hivyo linastahili kuelezwa kwa kirefu. Taasisi inapoanza kuweka mali zake kwenye programu, orodha iliyo tayari ni ile ya idara ya fedha, na orodha hiyo imegawanywa kwa ajili ya uchakavu na kodi: samani, mitambo, magari, vifaa vya ofisi. Mgawanyo huo una mantiki yake, ila mantiki hiyo haina uhusiano na usalama. Kwa mfano, Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, Sura ya 332, inaziweka kompyuta na magari madogo katika daraja moja la uchakavu, lile la asilimia 37.5. Mhasibu hana tatizo na hilo, lakini hakuna fundi duniani anayekagua kompyuta na gari kwa karatasi moja. Vivyo hivyo, kundi la "vifaa vya ofisi" la mhasibu linaweza kubeba kizima moto, feni, ngazi ya aluminiamu na birika la umeme, vitu vinne ambavyo havina mkaguzi mmoja wala kipindi kimoja.

Habari njema ni kwamba Snipe-IT haimlazimishi mtu kuchagua kati ya mhasibu na mkaguzi. Ndani yake, uchakavu haufungwi kwenye kategoria bali kwenye modeli. Unaweza kuunda kanuni za uchakavu peke yake, ukazipachika kwenye modeli moja moja, na ripoti ya thamani ya mali ikatoka bila kugusa kategoria. Kategoria zinabaki huru, na wewe una nafasi ya kuzipanga kwa swali tofauti kabisa: kitu hiki kinawajibika kwa nani? Katika mazingira ya Tanzania, mkaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), afisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na afisa wa Wakala wa Vipimo hawaji siku moja, hawatazami vitu vilevile wala hawaombi karatasi zilezile. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: ikiwa vitu viwili vinakaguliwa na mtu wa aina moja, kwa vipindi vinavyolingana, na matokeo yake yanaombwa kwenye faili moja, basi viwe kategoria moja, kimojawapo kati ya hayo kikitofautiana, vitenganishwe.

Kategoria za Snipe-IT ni bapa. Huwezi kuweka kategoria ndani ya kategoria nyingine, jambo linaloudhi kidogo, hasa kwa kuwa maeneo ndani ya programu hiyohiyo yanaruhusiwa kuwa na eneo kuu na maeneo yaliyo chini yake. Njia ya kulizunguka tatizo hili ni kutumia majina. Tukiandika "Moto: vizima moto", "Moto: ving'ora na vitambua moshi", "Juu: ngazi", "Juu: mikanda ya usalama", "Kunyanyua: winchi za mnyororo", "Vipimo: mizani", orodha inayopangwa kwa alfabeti inavileta pamoja vitu vya familia moja, na anayetafuta kwa kuandika neno la mwanzo anapata familia nzima. Majina haya yote yanaandikwa na mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo hakuna kinachozuia kuyaweka kwa Kiswahili fasaha ambacho mlinzi, mpishi mkuu na fundi wa karakana watakielewa bila mkalimani. Ninasisitiza hilo kwa sababu nimeona rejista nyingi ambazo majina yake yamenakiliwa kutoka katalogi ya muuzaji, na mtu anayetakiwa kukikagua kitu hajui kama ndicho kilichoandikwa.

Kuna uamuzi mmoja wa mwanzo usiofaa kufanywa kwa pupa. Kila kategoria inapoundwa hupewa aina, na aina ni tano: mali, vifaa vya ziada, vitu vya kutumika na kuisha, vipuri vya ndani, na leseni. Kategoria ikishaingiziwa vitu, aina yake inafungwa na haibadiliki tena. Tofauti iliyo muhimu kwa mkaguzi ni ile ya mali na vifaa vya ziada. Kilicho mali kina namba yake ya utambulisho, lebo yake, historia yake na tarehe yake ya uhakiki; kilicho kifaa cha ziada kinahesabiwa kwa idadi tu. Glavu na miwani ya kulinda macho vinaweza kukaa kwenye vifaa vya ziada bila hasara, kwa kuwa hakuna anayeuliza habari za glavu moja. Mkanda wa usalama wa anayepanda paani hauwezi kuwekwa huko hata kama umenunuliwa kwa dazeni na unafanana na wenzake, kwa sababu kila mkanda una mishono yake, umri wake na siku ulipomdaka mtu aliyeteleza, na mkaguzi anataka kujua habari za mkanda huo na si za dazeni. Kofia ngumu ziko katikati, na kila taasisi itaamua yenyewe. Mimi naziweka kwenye vifaa vya ziada na kuandika mwezi wa kununuliwa kwenye jina la kundi.

Chini ya kategoria kuna modeli, na hapa ndipo programu inapoanza kuonyesha ubora wake. Kitu hakiingii kwenye kategoria moja kwa moja. Kinaingia kwenye modeli, na modeli ndiyo iliyo ndani ya kategoria. Seti ya sehemu za kujaza nayo inapachikwa kwenye modeli. Mtu anayefikiri kwa haraka atalalamika kwamba ingekuwa rahisi zaidi kuipachika kwenye kategoria, na mimi nilikuwa na maoni hayo mpaka nilipopanga vizima moto. Kizima moto cha poda kina geji, na anayekikagua anatazama kama mshale uko kwenye eneo la kijani. Kizima moto cha CO2 hakina geji kabisa. Hali yake inajulikana kwa kukipima uzito na kuulinganisha na ule uliogongwa kwenye mtungi, na kikipungukiwa na asilimia 10 ya gesi yake ni lazima kijazwe upya. Vyote viwili ni vizima moto, vinamhusu afisa yuleyule wa Zimamoto na vinaingia kwenye faili lilelile, hivyo kategoria ni moja. Ila maswali ya kukagua ni tofauti, na programu inaruhusu modeli ya "Poda kilo 6" iulize geji na modeli ya "CO2 kilo 5" iulize uzito, bila mtu kuona kisanduku kisichomhusu.

Sehemu za kujaza zenyewe zina uwezo wa kutosha. Unaweza kuweka maandishi mafupi au marefu, orodha ya kuchagua, vitufe vya kuchagua kimoja au visanduku vya kutia alama, na unaweza kulazimisha muundo wa kinachoandikwa, kama tarehe au namba, hata kutunga kanuni yako mwenyewe ya muundo. Kwa kizima moto cha poda seti yangu ina hali ya geji kwa orodha ya kuchagua, pini na sili kwa orodha ya kuchagua, hali ya mpira, tarehe ya kujazwa mara ya mwisho, na mwaka wa kutengenezwa kwa mtungi. Ushauri wangu ni kuepuka maandishi huru pale ambapo orodha inatosha. Ukimwachia mkaguzi nafasi ya kuandika apendavyo, mmoja ataandika "ipo poa", mwingine "OK", wa tatu "nzima", na siku ya kutoa ripoti utakuwa na majibu matatu yenye maana moja yasiyoweza kujumlishwa.

Sehemu moja ambayo watu huipuuza ni namba ya kiwandani. Mitungi inapopelekwa kujazwa, hutokea mjazaji akaipaka rangi upya, na lebo ya msimbo wa QR uliyoibandika kwa uangalifu inafunikwa au inabanduliwa. Hutokea pia ukarudishiwa mtungi wa mtu mwingine. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha mtungi haifutiki kwa rangi. Katika mipangilio ya Snipe-IT kuna chaguo la kukataa namba ya kiwandani inayojirudia, nalo ni vizuri liwashwe kabla data haijaanza kuingia.

Sasa nije kwenye tarehe, ambako programu inasifika na kulaumiwa kwa wakati mmoja. Snipe-IT ina kitendo cha uhakiki: unafungua kitu, au unaskani lebo yake kwa simu, unathibitisha eneo kilipo, unaandika maelezo, ukitaka unaambatisha picha, na programu inahifadhi siku uliyofanya hivyo na kupanga siku ya uhakiki ujao. Vitu ambavyo siku yake inakaribia na vile vilivyochelewa vina kurasa zake, na barua pepe ya kukumbusha inatumwa kabla ya siku kwa muda uliouchagua. Hadi hapo ni vizuri sana. Kasoro ni kwamba muda kati ya uhakiki mmoja na mwingine unawekwa mara moja kwa mfumo mzima, kwa miezi. Hauwekwi kwa kategoria. Ukiandika 12, basi kila kitu kinachohakikiwa, kiwe ngazi au mizani au kizima moto, kinapendekezewa tarehe ya mwaka mmoja mbele, na ni juu yako kuibadilisha.

Kwa programu iliyobuniwa kuhesabu kompyuta mara moja kwa mwaka, hilo linaeleweka. Kwa ukaguzi wa usalama halitoshi, na kizima moto ni ushahidi tosha. Kiwango cha NFPA 10 cha Marekani, kinachohusu vizima moto vya kubebeka, kinataka kizima moto kitazamwe kwa macho kila mwezi na kihudumiwe na fundi kila mwaka. Mtungi wa poda wenye shinikizo la ndani ufunguliwe na kukaguliwa ndani kila baada ya miaka 6 na upimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 12, huku mtungi wa CO2 ukipimwa hivyo kila baada ya miaka 5. Kitu kimoja kina mizunguko minne, na programu inakipa tarehe moja.

Suluhisho ninalolitumia ni kuipa tarehe ya uhakiki ule mzunguko mfupi kuliko yote, na mizunguko mirefu kuiweka kwenye sehemu za kujaza zenye muundo wa tarehe: "Huduma ya mwaka ijayo", "Kupima mtungi ijayo". Ripoti inayotengenezwa kwa kuchagua safu inaweza kuzitoa tarehe hizo pamoja na jina la kategoria na eneo, ikapakuliwa kama faili la CSV na kupangwa kwenye Excel. Barua pepe ya kukumbusha haitakuja kwa tarehe hizi za pili, na hilo ni pungufu halisi. Ni lazima mtu awe na desturi ya kutoa ripoti hiyo mwanzoni mwa kila robo mwaka. Kwa upande wa kubadilisha tarehe ya kila kitu kwa mkono, kuna njia inayookoa muda mwingi na ambayo sijaona ikisifiwa inavyostahili. Ukurasa wa uhakiki wa haraka unakuwezesha kuandika tarehe ya uhakiki ujao na eneo mara moja juu ya fomu, kisha ukaskani lebo moja baada ya nyingine, na kila lebo inayosomeka inaongezwa kwenye orodha ya vilivyokamilika kwa tarehe hiyohiyo. Ukilizunguka jengo kwa kategoria moja kwa wakati, vizima moto kwanza kwa tarehe ya mwezi ujao, kisha ngazi kwa tarehe ya miezi mitatu mbele, basi kasoro ya muda mmoja wa mfumo mzima inapungua sana makali. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kutochanganya kategoria katika mzunguko mmoja wa kuskani, maana atakayeskani ngazi akiwa ameacha tarehe ya vizima moto juu ya fomu atakuwa ameipa tarehe isiyo yake, na programu haitamwonya.

Pamoja na hayo, ni lazima kusema waziwazi kwamba uhakiki wa Snipe-IT unathibitisha kuwa kitu kipo na kipo wapi. Hauthibitishi kuwa kinafaa kutumika. Mtu anaweza kuskani kizima moto ambacho mshale wa geji umelala kwenye nyekundu, akabonyeza kitufe, na kitu hicho kikatoka kwenye orodha ya vilivyochelewa kana kwamba kila kitu ni shwari. Mkuu wa taasisi anayetazama ukurasa usio na vilivyochelewa atalala usingizi asiostahili. Katika toleo ninalolitumia, hali ya kitu haibadilishwi na kitendo cha uhakiki. Inabadilishwa kwa kukifungua kitu chenyewe na kukipa lebo nyingine ya hali.

Na hizo lebo za hali ndizo zinazoikomboa programu katika jambo hili. Unaweza kuunda lebo kwa maneno yako na kuipa kila moja tabia moja kati ya nne: kinaweza kukabidhiwa, kinasubiri, hakiwezi kukabidhiwa, au kimewekwa kwenye kumbukumbu. Nimeunda lebo ya "Kimekataliwa na ukaguzi" yenye tabia ya kutokabidhiwa, na matokeo yake yanaonekana palepale. Ngazi ambayo kidato chake kimelegea ikipewa lebo hiyo, mtunza stoo akijaribu kumkabidhi fundi kesho yake hawezi, kwani kitufe cha kukabidhi hakimpi nafasi hiyo. Fundi atanung'unika, ataomba angalau kwa nusu saa, na mtunza stoo atakuwa na jibu lisilotegemea ujasiri wake. Lebo ya pili, "Kinasubiri fundi", ninaipa vitu vilivyopita ukaguzi kwa masharti. Anayepanga ukaguzi ndani ya Snipe-IT bila kutumia lebo za hali ameacha nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo inayozuia ajali.

Kumbukumbu za matengenezo ni kipande kingine kinachofaa kuunganishwa. Kila kitu kinaweza kuandikiwa matengenezo yenye aina, kichwa cha habari, mtoa huduma, tarehe ya kuanza na kumaliza, gharama na maelezo. Aina zinazokuja na programu ni pamoja na matengenezo ya kawaida, ukarabati, urekebishaji wa vipimo, na hata upimaji wa vifaa vya umeme vya kubebeka wa mtindo wa Uingereza, kidokezo kwamba kuna watumiaji waliokuwa wakifikiria ukaguzi tangu zamani. Kwa mizani ya jikoni na ya stoo, ninaandika ziara ya kila mwaka ya Wakala wa Vipimo kama urekebishaji wa vipimo, naambatisha picha ya cheti kwenye faili za kitu, na gharama inaingia kwenye jumla ya kitu hicho. Faida ya njia hii kuliko kuandika kwenye sehemu za kujaza ni kwamba sehemu ya kujaza inashika hali ya sasa tu. Ukiandika uzito wa mtungi wa CO2 mwezi huu, ule wa mwezi uliopita unafutika kwenye kisanduku na kubaki ndani ya historia ya mabadiliko, mahali ambapo unaweza kuusoma lakini huwezi kuupanga kwenye jedwali na kuona kama unashuka polepole. Matengenezo hayafutani, kila moja linabaki mstari wake. Kinachokosekana ni kujirudia: matengenezo ya mwakani hayajiandiki yenyewe, na hakuna fomu ya maswali ya ndiyo na hapana inayofunguka siku ikifika.

Kusimamia kategoria baada ya kuziunda ni kazi ndogo ikiwa mlango mmoja utalindwa, nao ni mlango wa kuingiza data kwa faili la CSV. Kifaa cha kuingiza kinapokutana na jina la kategoria ambalo halipo, hakiulizi, kinaliunda. Faili lililoandikwa na watu watatu litakuletea "Kizima moto", "Vizima moto" na "Vizima-moto" kama kategoria tatu, kila moja na vitu vyake, na ripoti yoyote utakayoitoa kwa mojawapo itakuwa na pengo. Dawa ya kabla ni kufunga safu ya kategoria kwenye Excel kwa orodha ya kuchagua kabla faili halijagawiwa kwa watu. Dawa ya baada ipo pia, wala si chungu. Kwa kuwa kitu kinafuata modeli na modeli inafuata kategoria, unazichagua modeli zote zilizo kwenye kategoria ya makosa, unazihamishia kwenye kategoria sahihi kwa hariri moja ya pamoja, na vitu vyote vinahama nazo. Kategoria iliyobaki tupu ndiyo inayoweza kufutwa; yenye vitu programu inakataa kuifuta, na inafanya vizuri kukataa.

Kategoria ina uwezo mwingine ambao haukukusudiwa kwa ukaguzi lakini unausaidia. Unaweza kuipa masharti ya matumizi na kulazimisha mtu anayekabidhiwa kitu chake ayakubali. Kwa kategoria ya mikanda ya usalama, masharti yetu ni mistari michache: mpokeaji akague mishono na ndoano kabla ya kuvaa, asiuvae mkanda uliowahi kumdaka mtu, na aurudishe siku hiyohiyo. Kukubali kwake kunabaki kwenye kumbukumbu. Karatasi ya kusaini ingefanya vilevile, ila karatasi hupotea.

Kwa upande wa ruhusa, kuna ruhusa ya kuhakiki iliyotengwa na ile ya kuhariri, kwa hiyo mlinzi wa zamu anaweza kupewa uwezo wa kuskani vizima moto bila kupewa uwezo wa kubadilisha bei au kufuta kitu. Barua pepe za kukumbusha zinataka mambo mawili: seva iwe na anwani ya kutuma barua pepe, na amri ya ratiba, ile inayojiendesha yenyewe kwa wakati uliopangwa, iendeshwe kwenye seva. Jambo la pili husahaulika kwa urahisi kwa sababu programu inaonekana nzima hata amri hiyo ikiwa haifanyi kazi. Ukurasa wa vilivyochelewa utajaa, na hakuna atakayepata ujumbe. Njia ya kujua ni kuweka kitu cha majaribio chenye tarehe ya karibu na kusubiri barua.

Sitaipendekeza Snipe-IT kwa karakana ya mabasi au kiwanda, ambako dereva au opereta anatakiwa kujibu maswali ishirini kila asubuhi kabla ya kuwasha chombo na jibu moja la hapana lifungue kazi kwa fundi papo hapo. Hiyo ni kazi ya programu za matengenezo zilizobuniwa hivyo, nazo nyingi hutozwa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Taasisi za Serikali ya Tanzania nazo zina mfumo wao wa GAMIS kwa ajili ya rejista ya mali, na haina maana kuwa na rejista mbili zinazogombana. Wanaobaki ni wengi: shule na vyuo vya binafsi, hospitali za mashirika ya dini, hoteli za wastani, asasi zenye maghala mikoani. Kwa hao, na hasa wenye kijana wa TEHAMA anayejua kuitunza seva na kuchukua nakala rudufu, naipa alama za juu kwa kategoria na lebo za hali, za wastani kwa tarehe, na za chini kwa fomu za maswali, ambazo hazipo.

Anayeanza leo asiingize kila kitu kwa mkupuo. Aanze na vizima moto peke yake, modeli mbili, seti mbili za sehemu za kujaza na lebo mbili za hali, auzungushe mzunguko wa kila mwezi hadi uwe mazoea kwa mlinzi anayeskani, kisha ndipo aunde kategoria ya ngazi.